Mama Mkubwa Hataki Kunyonya

Binti yangu alikataa kuzaliwa mpaka aitwe kwa jina lake. Mama mkwe wangu, Arnasak, alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, mikono yake imenizunguka tumbo, akiwaita marehemu wetu mmoja mmoja. Alimwita baba yake. Kimya. Alimwita jirani aliyezama na mtumbwi wake wakati barafu inaanza kukatika. Kimya. Mimi jasho linanitiririka, nimeuma kipande cha ngozi, na moyoni nasema hata akiitwa jina la mbwa potelea mbali, mradi atoke. Ndipo Arnasak akashusha sauti, akasema polepole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani:

"Nivi? Ni wewe, dada?"

Mtoto akaja.

Nivi alikuwa dada mkubwa wa Arnasak, na alikuwa mke wa Mkuu wa kituo cha biashara hapa kwetu Sarfaq. Alikufa katikati ya majira ya baridi, kifua kilimbana. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina lake. Ndivyo tulivyo. Jina la marehemu halitamkwi mpaka lipate mtoto wa kulivaa, maana jina lisilo na mwili huzurura nje kwenye theluji, na ukiliita unalitesa bure. Tulikuwa tunasema tu "yule wa kwa Mkuu". Lakini mtoto akishalipokea, marehemu amerudi. Ataitwa kama alivyoitwa zamani, atapewa vile alivyopenda, na hakaripiwi kamwe. Nani atamkaripia mtu mzima?

Kwa hiyo nyumbani kwetu mambo yalipinduka siku ileile. Mume wangu Inuteq alirudi kutoka kuwinda sili, akainama akamchungulia binti yake, akavua kofia.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema.

Arnasak alikuwa anambadilisha nguo huku analalamika. "Huyu dada hajawahi kunihurumia. Utotoni alinituma maji, alinila nyama yangu, akanipokonya mwanasesere. Sasa kafa, karudi, ananikojolea."

Nami nikawa namnyonyesha mama mkubwa wa mume wangu. Nikimweka kifuani nasema, "Karibu mama mkubwa, chakula kiko mezani," na wanawake wote waliokaa kwenye kitanda kirefu cha ukutani wanacheka mpaka mioto ya taa inayumba. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile. Mtoto wangu wa kwanza, na tayari kijiji kizima kinamfahamu.

Alinyonya vizuri majuma ya mwanzo. Kisha siku moja nilimbeba ndani ya kofia kubwa ya koti langu, mgongoni, nikapita naye mbele ya nyumba ya Mkuu, ile ya mbao iliyopakwa lami. Akaanza kulia. Alilia mpaka tukafika nyumbani, na tangu hapo akawa anageuza uso kila nikimpa ziwa. Maziwa yananidondokea magotini, na mtoto kafunga mdomo kama aliyetukanwa.

"Anataka kwake," Arnasak alisema. "Kafika kwetu, lakini hajafika kwake. Mumewe hajamwona."

Mimi nilisoma kwa katekista, darasa la jioni, kando ya taa, na nashukuru kwa hilo. Katekista alitufundisha kwamba jina ni jina tu, na roho huenda kwa Mungu. Niliamini na bado naamini. Lakini maneno hayo ni mepesi ukiwa umekaa na kitabu. Ukiwa umekaa na mtoto ambaye kila siku unamwona mwepesi zaidi mikononi, Arnasak angeniambia nimpeleke mwezini, ningeuliza njia.

Sasa nimweleze huyo mume wa Nivi.

Aliitwa Holger Brask. Alikuja zamani, kijana, askari kati ya askari wenzake, na ngoma, na mizinga, na hata farasi. Nchi yetu hii Wadenmark huiita Greenland, yaani nchi ya kijani. Sijui ni kijani kipi walichokiona. Mfalme wao alidhani farasi watapanda juu ya barafu mpaka upande wa pili. Wazee wetu walikuwa wakiwakumbuka wale farasi, wanashika mbavu kwa kucheka, kisha wananyamaza, maana nyuma ya kicheko hicho kuna watu waliokufa. Farasi walikosa majani wakafa. Askari walikataa chakula chetu wakafa nao, kiseyeye kiliwang'oa meno, na huku wamezungukwa na dawa: ini la sili, ngozi mbichi ya nyangumi, majani ya pwani. Brask aliponea kwa Nivi. Alimlisha, akapona, akamwoa. Na kwa kuwa hakubaki mwingine aliyejua kusoma na wakati huohuo kuielewa lugha yetu, wafanyabiashara wa kwao wakamvua upanga wakampa mizani. Akawa Mkuu. Kazi yake ilikuwa kupokea mafuta ya sili na kutoa sindano, visu na shayiri. Alikuwa hapunji sana, maana akipunja Nivi alikuwa anamsema papo hapo mbele ya wateja.

"Holger, kidole chako kina uzito gani leo?" angesema. Naye angekiondoa kidole kwenye mizani, masikio mekundu.

Hawakujaliwa mtoto. Waligombana kila siku ya Mungu, kwa sauti, milango wazi, na hakuna ndoa tuliyoipenda kuisikiliza kama ile.

Alipofiwa alifanya kosa ambalo hatukulitarajia kwake. Alikuwa amekaa nasi miaka mingi kuliko alivyokaa kwao, lakini alikuwa anaendelea kulitaja lile jina. Unapita nje unamsikia, "Nivi, kisu umekiweka wapi?" halafu kimya. Wanawake walikuwa wanazunguka njia ya juu ili wasisikie. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtu akizama humfundishi kuogelea. Kisha akatangaza kwamba meli ya kiangazi ikija, ataondoka nayo, arudi Denmark akafie huko.

Kwa hiyo tulipokwenda kwake mara ya kwanza, tulikwenda kwa haraka. Arnasak mbele, mimi nyuma na mtoto ndani ya kofia. Tulikuwa tumevaa vizuri. Arnasak akabisha, akasema kama inavyosemwa:

"Shemeji, fungua. Mkeo yuko nje, na kuna baridi."

Tulisikia kiti kikianguka. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na uso niliouona pale mlangoni siutaki tena. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamini. Kwa kitambo kidogo tu alikuwa ameamini kabisa, kama mtoto. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Arnasak, akaniona mimi na kichwa kidogo begani kwangu. Ndipo akaelewa.

Brask akikasirika alikuwa hafoki. Uaskari ulikuwa unamrudia, anasimama wima kama mlingoti.

"Arnasak," alisema, "nilimzika kwa mikono hii. Nilivunja ardhi kwa shoka siku nzima."

"Najua, shemeji. Nilikuwepo."

"Nilidhani ninyi ni jamaa zangu."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hiyo ndiyo iliyotuuma.

Meli ikaja. Ikaleta Mkuu mpya, kijana mwenye buti za kuteleza ambaye siku ya kwanza tu alianguka mara mbili ufukweni na kutuangalia kama sisi ndio tuliomwekea mawe. Wanaume wakawa wanapakia mapipa ya mafuta. Wote tulikuwa tumehamia kwenye mahema ya ngozi, jua halizami, ndege wamejaa majabalini, watoto wa watu wanacheza nje wamenenepa. Wangu nilikuwa namdondoshea maziwa mdomoni kwa unyoya wa ndege. Kichwa chake kilikuwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Mchungaji alikuja akamwombea, nami nikaitikia amina kwa moyo wote. Inuteq alikuwa akirudi kutoka kwenye mapipa anasimama mlangoni mwa hema, haulizi, ananitazama tu usoni, kisha anatoka tena.

Asubuhi ambayo meli ilikuwa inaondoka, mtoto akaukataa hata unyoya.

Nilimweka kwenye kofia nikatoka. Arnasak akaniuliza naenda wapi.

"Kwa baba mkubwa."

"Usiende. Yule atakufa na kiburi chake, na wewe utarudi na moyo uliovunjika."

"Umeshavunjika tayari, mama," nikasema, nikaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Sanduku lake lilikuwa limekwisha kupelekwa melini, na chumba kimebaki kitupu, alama za fanicha ukutani. Yeye alikuwa amesimama katikati, amevaa koti lake la zamani la uaskari, jekundu, vifungo vya tumboni havifiki. Mkononi ameshika mshipi wa shanga wa Nivi, na ni wazi alikuwa hajui kama auchukue au auache.

"Kama umetumwa na shemeji yangu, rudi," alisema bila kugeuka.

"Amenikataza nisije. Amesema utakufa na kiburi chako."

"Hilo aliniambia mwenyewe."

"Baba mkubwa, mtoto hali."

Hapo akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya meli. Nilikuwa namlisha kwa unyoya. Leo ameukataa."

Nilimtoa mgongoni. Alikuwa hajawahi kumwangalia sawasawa. Siku ile ya kwanza alitazama pembeni yake, kama unavyolikwepa jua kwa macho. Sasa akamtazama. Aliona vizuri, maana alikuwa amewaona wenzake wengi wakiisha namna ile.

"Mchungaji..." akaanza.

"Ameshamwombea. Nimemshukuru."

Aliukunja ule mshipi kwenye ngumi. "Mwanangu, unaniomba nini? Nikimshika huyu nikamwita mke wangu, yule niliyemzika ni nani? Mchungaji kaniambia ananingoja mbinguni. Sina kingine kilichobaki."

"Basi akungoje. Mama mkubwa alikuwa anakungoja kila siku, na huku anafanya kazi zake nyingine."

Kitu kilimponyoka puani, nusu ya kicheko, akakizuia.

"Sikuombi uamini," nikasema. "Mimi mwenyewe kuna siku naamini, kuna siku sijui. Nakuomba umgombeze."

"Nini?"

"Umgombeze. Sisi tumembembeleza mpaka tumechoka, na hakuna kati yetu anayeweza kumfokea. Mama ni mdogo wake. Inuteq ni mwanawe. Mimi ni mkwe. Nani atathubutu? Tunamwambia tafadhali mama mkubwa, tafadhali dada, naye anafunga mdomo. Aliyekuwa anagombana naye ni wewe peke yako."

Nje nilisikia mabaharia wakivuta minyororo.

"Mnasimulia jinsi alivyonilisha," alisema mwisho. "Mnasema alinihurumia."

"Ndivyo tulivyosikia."

"Hakunihurumia hata kidogo. Nilikuwa nimelala kati ya wenzangu waliokufa, nimegeukia ukuta. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Akaja na ini bichi kwenye bakuli, nikafunga meno, yale yaliyobaki. Wengine waliokuja walikuwa wanalia. Yeye alikaa chini akanitukana. Sikujua neno moja la lugha yenu, na nilielewa kila kitu. Alianzia puani kwangu akamalizia kwa mama yangu. Nilikula ili anyamaze."

Aliuweka mshipi dirishani. Akanyoosha mikono.

Alimpokea kama mtu anayepokea pipa la baruti. Mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba kisicho na nguvu, ambacho mama akishakisikia hatakisahau. Brask akasafisha koo.

"Nivi," akasema.

Jina lile nilikuwa nimelisikia kwake miezi yote, likianguka chini bila mtu wa kulidaka. Safari hii lilifika mahali.

"Nivi. Unafanya nini?" Sauti yake ikaanza kupanda, lugha yetu ikipindapinda mdomoni mwake kama kawaida. "Umetoka huko kote, umemtaabisha mwanamke wa watu, halafu unafunga mdomo? Unamkomoa nani? Kama ni mimi, mimi nimeshakomoka. Umeondoka hukuniambia mafuta ya taa umeyaweka wapi. Nimekaa gizani kama bundi, kumbe yako chini ya kitanda. Nani anaweka mafuta chini ya kitanda? Ulinilisha ini bichi mimi, ini, lenye nywele za mbwa. Haya ni maziwa, mwanamke. Kula."

Mtoto alinyamaza. Alikuwa anamtazama, macho makubwa kwenye uso mdogo, kidevu kinatikisika. Labda ilikuwa ule mngurumo wa sauti ya mwanamume mzee. Arnasak ana maelezo yake na Mchungaji ana yake. Mimi niliona midomo yake inatafuta. Brask naye aliona. Akanirudishia upesi kama sufuria ya moto.

Nikakaa sakafuni, nikamweka. Akageuza uso. Kisha akarudi. Akashika.

Sijui niseme vipi. Kwanza hakuna kitu, mguso tu. Halafu ule mvuto, mdogo, kisha mwingine, mpaka nikausikia mgongoni, mpaka kwenye nyayo, na maziwa yakashuka kwa maumivu matamu. Nikasikia anameza. Niliogopa hata kupumua.

Brask alikuwa amenigeuzia mgongo kwa heshima, ameukabili ukuta, mabega sawa kama yuko kwenye gwaride. Akanyamaza, na papo hapo mtoto akaachia.

"Usinyamaze," nikamwambia. "Baba mkubwa, endelea."

Basi akaendelea kuugombeza ukuta. Alimgombeza kuhusu sindano alizokuwa akiwagawia wanawake bure. Alimgombeza kuhusu kukoroma. Alimgombeza kwa kumwaibisha mizanini, kisha akakiri kwamba kile kidole kilikuwa na uzito kweli. Akamuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba kifua kinauma, kwa nini siku zote alisema ni kikohozi tu, kwa nini alikuwa anawaza nguo zake yeye Holger zilizolowa na hali yeye mwenyewe anaumwa. Sauti ilikuwa imeshuka. Hakukuwa na ugomvi tena ndani yake, lakini mtoto aliendelea kunyonya.

Kivuli kikaziba mlango. Arnasak alikuwa amenifuata, anahema.

"Nani huyo anamfokea dada yangu?"

"Mumewe," nikasema.

Akanitazama, akatazama kifuani kwangu. Akakaa kizingitini. "Haya," akasema baadaye, akipangusa uso kwa mkono. "Mambo ya watu na ndoa zao, mimi simo."

Mtoto aliposhiba, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo, Arnasak akamwambia Brask kwamba mtu hasafiri bila kumuaga mkewe. Hakusema kwa utani. Alisema kama jambo la adabu. Brask akamtazama kitambo, kisha akakaa chini kwa shida, koti linalia kwenye mishono, nami nikampa mtoto. Safari hii mkono wake ulijua pa kushika kichwa.

Akamwelezea. Alimweleza kwamba meli iko pale nje. Kwamba kuna mji alikozaliwa, wenye kanisa na kengele ambayo watu wa bara huisikia wakiwa mashambani. Kwamba kuna miti ya matunda, na dada ambaye huenda yu hai na huenda hayupo, hana habari. Kwamba alidhani ni vizuri mtu kulala katika ardhi inayochimbika. Alisema polepole, akichagua maneno, kama mtu anayeomba ruhusa na hajui atajibiwa nini.

Mtoto akapiga miayo. Macho yakafumba, yakafumbuka kidogo, yakafumba kabisa.

"Unaona," Arnasak akasema kwa sauti ya chini. "Siku zote ulikuwa ukianza habari za kwenu, analala."

Brask alikuwa anaitazama ile ngumi ndogo iliyokuwa imeshika pindo la koti lake jekundu.

Mzinga wa meli ukalia ghubani, kuita waliobaki nchi kavu. Brask alishamfunika mtoto sikio kwa kiganja kabla mlio haujafika. Ndege wakaruka majabalini, kisha wakatulia. Baharia akaja mbio mlangoni, akamruka Arnasak, akasema kwa lugha yao kwamba upepo ni mzuri na nahodha hawezi kungoja, Mkuu wa zamani aje sasa hivi.

Brask alijaribu kunyanyuka. Mtoto akakunja uso usingizini. Akaketi tena, taratibu, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha miguu yake ya kizee kama mtu aliyefika.

"Mwambie nahodha," alinong'ona, "mke wangu amelala."